Fundi wa Tuta la Nane

Siku Fundi alipofukuzwa kazi kwa kosa la kuchafua udongo wa serikali, miche pekee iliyokuwa na uhai katika kituo kile ilikuwa ile aliyoichafulia udongo. Matuta saba yaliyobaki safi yalikuwa na michungwa ya manjano, yenye urefu wa kidole, ambayo haikuongeza jani tangu masika. Tuta la nane, lake, lilikuwa na miche ya kijani iliyofika magotini. Wafanyakazi wote tulipangwa mstari katikati ya matuta hayo kusikiliza shitaka, na Bwana Shamba aliyelisoma alikuwa amelipa mgongo tuta la nane. Maneno ya shitaka nayakumbuka yote. Mimi ndiye niliyeyapiga taipu asubuhi ile.

Kituo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa kwenye vilima vya Kisarawe, miaka michache baada ya vita vya Hitla, na kazi yake ilikuwa kuotesha michungwa ya kugawiwa wakulima wa wilaya nzima, kuanzia Vihingo mpaka Mlandizi na Dutumi. Mimi nilikuwa karani, mtu wa Gwata, mwenye mke na mtoto mchanga na mashine ya taipu niliyoifunika kitambaa kama chakula. Fundi alikuwa msimamizi wa matuta. Jina lake nimeliacha makusudi. Limeshakatwa mara moja kwa wino mwekundu, na sitaki kuliandika mahali pengine linapoweza kukatwa tena kabla shauri lake halijaisha. Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe, hata siku alizokuwa na hasira naye.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mabega yaliyoinama kwa miaka ya kutazama chini. Ukimwamkia njiani aliitikia marahaba, kisha akaitazama miguu yako. "Umetoka bondeni," angesema. Au, "Umepita shambani kwa shemeji yako, na hajapalilia." Hakukosea mara nyingi, na alipokosea alisema ni wewe uliyepita njia isiyo yako. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne, aliloachiwa na Bwana Shamba wa zamani, na sharti lake lilikuwa kwamba koti lisifuliwe mifuko ikiwa na mbegu. Mifuko haikukosa mbegu hata siku moja. Mkewe alisema likisahaulika nje siku ya mvua litaota.

Miche aliitendea adabu ambayo sisi hatukuipata. Danzi ni chungu, lakini mizizi ya mdanzi ina nguvu, ndiyo maana mchungwa mtamu hubebeshwa juu ya shina lake. Kila alipokata kikonyo cha kubebesha alisema bismillahi kwa sauti, akalifunga jeraha kwa ukindu laini kama anayemfunga mtoto. Lakini mfanyakazi aliyemwaga maji pembeni ya mche aliulizwa mbele ya wote: "Wewe mkeo akikupakulia, anapakua kwenye sahani au mkekani?" Mbuzi akiingia kitaluni alimwita kwa jina la mwenye mbuzi, na matusi yote yakamwendea mwenye mbuzi, ukoo wake na ndevu zake. Jirani mmoja alikuja kulalamika. Fundi akamjibu, "Mimi nilikuwa nasema na mbuzi. Kama wewe umeitika, shauri yako."

Kusifu hakujua. Mche uliokuwa mzuri kuliko yote aliutazama, akauzunguka, akasema, "Haujafa." Nilipomletea mwanangu amwone, alimshika kidole cha mguu akasema, "Hajafa." Mke wangu alinuna njia nzima, mpaka nilipomweleza kwamba hakuna sifa kubwa zaidi katika kinywa kile.

Kasoro alikuwa nazo, na sitazificha, maana waliomdhulumu wangefurahi nikimchora malaika halafu wakanionyesha doa. Alikuwa bahili wa maji. Kiangazi kimoja kikali dada yake wa tumbo moja alifika kituoni na ndoo. Fundi akamwambia kisima kile ni cha miche. Dada yake hakumsemesha mpaka Idi. Alikuwa mbishi, na hoja ikimshinda alisingizia kusikia vibaya. Na kitu alichokichukia kuliko mbuzi ni ukungu. Unga ukipata ukungu alitupa unga pamoja na chombo. Uyoga ukiota pembeni ya tuta aliupiga teke. Mkewe, aliyetoka Vihingo ambako uyoga wa mvua za kwanza ni kitoweo cha heshima, alilazimika kuupika jikoni kwa jirani na kurudi nyumbani akiwa amesukutua kinywa.

Kwenye daftari la wafanyakazi, mbele ya jina lake, paliandikwa kwamba hajui kusoma. Ulikuwa uongo, na ulikaa pale miaka yote. Fundi alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu alipokuwa chuo cha Kurani, na nje ya banda la majembe alitundika ubao ambao kila tuta lilikuwa na mstari wake: siku ya kusia mbegu, siku ya mvua, udongo umetoka wapi, mingapi imekufa. Bwana Shamba mpya aliuona ubao ule siku ya kwanza akauliza kama ni hirizi. Nilimweleza ni hesabu ya miche. Akatabasamu kama mtu anayeonyeshwa mchezo. Kumbukumbu za kweli za kituo kile zilikuwa kwenye ubao ule peke yake, na Fundi alipoondoka mvua ilizifuta, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuuingiza ndani.

Sasa nieleze habari ya udongo, kwa kuwa ndiyo iliyomponza.

Upande wa Vihingo kuna mahame, kijiji kilichohamwa zamani, na midanzi ya wenyeji wa kwanza bado imesimama pale, mizee, haitunzwi na mtu. Kila mara kabla ya kusia mbegu Fundi alikwenda na pakacha, akachimba chini ya midanzi ile, kina cha kiganja tu, akajaza udongo mweusi uliochanganyika na vizizi vyembamba kama nywele. Kila tuta lilipata sehemu yake. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo.

Nilimuuliza faida yake. Alinitazama kama niliyeuliza faida ya kutia chumvi.

"Binti yako ukimwoza, utampeleka peke yake?"

"Hapana. Atakwenda na kungwi."

"Kungwi anaishia uani?"

"Anaingia naye ndani."

"Basi. Mche ni mwali, udongo wa mama ni kungwi. Ukimpeleka mwali peke yake, atakaa kitandani anakutazama tu."

"Na huko ndani kungwi anamfanyia nini?"

"Karani, wewe umeoa. Mambo ya ndani hayatangazwi."

Yeye mwenyewe aliamini kinachofanya kazi ni joto, joto la miguu ya mama lililobaki ardhini. Katika hilo alikosea, kama tutakavyoona. Lakini kazi yake haikukosea.

Bwana Shamba mpya alikuja na amri ya kukaanga udongo. Kuna minyoo midogo inayokula mizizi ya michungwa, na sitaki kumdhulumu Bwana yule: minyoo ilikuwapo, na Fundi mwenyewe ilishamharibia miche. Dawa iliyoandikwa kwenye kitabu cha Bwana ilikuwa kuutandaza udongo juu ya mabati, kuwasha moto chini yake, na kuugeuzageuza mpaka kila kilicho hai kife. Na baada ya hapo kitu chochote kutoka porini kisiingie kitaluni. Mimi nilikuwa mkalimani.

Fundi alichota udongo uliopoa, akanusa. "Mwambie haunuki kitu. Anuse na yeye."

Nilimwambia. Bwana alijibu kwamba hilo ndilo kusudi.

"Mwambie mwali ataingia peke yake."

Hilo sikulitafsiri. Nilisema kwa Kiingereza, "Ana wasiwasi kidogo." Nilimwonea haya Fundi, au nilijionea haya mwenyewe, sijui, niliona maneno ya mwali na kungwi hayafai mezani kwa Mzungu. Ule ulikuwa usaliti wangu wa kwanza, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba nilidhani ni adabu.

Matuta yote manane yakajazwa udongo wa kukaanga. Mbegu ziliota vizuri, maana mbegu huja na akiba yake ya chakula. Akiba ilipokwisha, miche ikasimama. Bwana akaagiza mbolea ya chumvichumvi, ikasimama. Akaagiza maji yaongezwe; majani yakazidi kuwa manjano. Akasema wafanyakazi ni wavivu. Watu waliokuwa wakichota maji tangu alfajiri, mabega yamewachubuka kwa madebe, waliambiwa wavivu, na mimi niliwatafsiria neno hilo kwa usahihi kabisa.

Ndipo Fundi alipochukua pakacha lake. Hakujificha sana. Alikwenda mahame mchana, akarudi mchana, akachanganya udongo kwenye tuta la mwisho, la nane, lililo karibu na uzio wa mianzi. Kabla ya vuli kwisha tuta lile lilikuwa kijani.

Bwana Shamba aliingia ofisini akaniuliza, "Kwa nini la nane linakua?" Mimi nina tabia ya kujibu kile nilichokiona. Nilisema, "Fundi huchanganya udongo kutoka mahame, Bwana." Naapa nilidhani nampa Fundi sifa. Bwana hakusikia habari ya miche. Alisikia habari ya amri iliyovunjwa. Aliniambia nifunue mashine.

Bwana Shamba alipomaliza kusoma shitaka, Fundi aliniuliza mimi, si yeye. "Kuchafua? Ameandika kuchafua?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mwambie ageuke atazame nyuma yake."

Hilo nililitafsiri, neno kwa neno. Bwana Shamba hakugeuka.

Akapewa cheti cha kazi chenye mstari huu: amefukuzwa kwa kuchafua udongo wa serikali kwa makusudi. Asiyejua kazi ile atasema mstari ni mstari. Lakini kwa amri ya wilaya, mtu hakuruhusiwa kuotesha michungwa ya kugawa bila kuonyesha cheti safi, ili ugonjwa wa mizizi usienee. Fundi hakujua kazi nyingine, na hakutaka kujua. Walimwachia mikono, wakamkataza kuitumia.

Wiki chache baadaye akaja mtaalamu wa mizizi, mama wa Kizungu aliyekuwa akizunguka vituoni kuchunguza miche iliyodumaa. Sisi tulimwita Bibi wa Darubini, kwa sababu ya chombo chake cha kukuzia vitu vidogo alichokibeba mwenyewe mapajani na hakukubali kiguswe na mtu. Siku aliyofika, Bwana Shamba alikuwa safarini Dutumi. Bibi alipita tuta la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la nane alipiga magoti.

"Hili kalitengeneza nani?"

Safari hii nilijibu kwa furaha. Akasema nimlete. Nilipanda baiskeli.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini kwake anasuka pakacha. "Nije kuchafua tena?" alisema. "Sasa wanataka nichafue nini, meza?" Mkewe ndiye aliyemwondoa: "Nenda. Umekaa hapa mwezi mzima unaniwekea miguu njiani."

Barazani pa ofisi Bibi alikuwa ameosha vizizi, akavichemsha katika dawa mpaka vikaanza kupitisha mwanga, akavitia rangi ya buluu. Alimwonyesha Fundi namna ya kutazama. Fundi alifumba jicho lisilo lenyewe, akasema haoni kitu, akalaumu chombo. Kisha akafumba lile jingine.

"Naona vyumba," alisema. "Vimepangana kama sega."

Bibi alisema ndivyo mizizi ilivyojengwa, kwa vyumba visivyoonekana kwa macho, na wataalamu huviita seli. Hicho kilikuwa kizizi cha tuta la tatu, la udongo wa kukaanga. Kila chumba kilikuwa na doa dogo limebanwa ukutani. Hicho ndicho kiini, alisema, kinachoongoza kazi zote za chumba. Na mle ndani mlikuwa na punje punje nyingi: wanga uliowekwa akiba.

"Wana unga na wanakufa njaa," Fundi alisema.

"Unga wanao. Chumvi za ardhini hawana, na bila hizo hawawezi kukua."

Akabadilisha kioo. Hiki kilikuwa kizizi cha tuta la nane. Fundi alikaa kwenye darubini muda mrefu mpaka nikadhani amechoka kuinama. Nilipotazama baada yake niliona alichokiona. Nyuzi za buluu zilipita katikati ya vyumba, na baadhi ziliingia ndani. Kila uzi ulioingia ndani ulikuwa umegawanyika matawi, na matawi yakagawanyika tena, membamba kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, mpaka chumba kikajaa mti mdogo. Na chumba chenyewe hakikuwa kama kile cha kwanza. Kiini kilikuwa kimevimba, kimeondoka ukutani, kimekaa katikati ya matawi. Punje za wanga zilikuwa zimetoweka.

"Unga umekwenda wapi?"

"Umetumika. Mchungwa unamlisha huyu aliyeingia, naye anatoka nje na nyuzi zake, anafika mahali mizizi isipofika, anauletea mchungwa chumvi za ardhini."

"Basi huyu si mgeni. Mgeni ni siku mbili. Huyu ameshapewa jembe." Akatazama tena. "Huyu ndiye kungwi, Karani. Mwambie. Ameingia, amehamisha mpaka kitanda."

Nilimweleza Bibi habari ya mwali na kungwi, yote, bila kuruka neno, kwa aibu ya miezi mingi. Hakucheka. Alifikiri, akasema, "Mwambie kitanda hakuhamisha yeye. Kiini ni cha mwenye nyumba. Chumba chenyewe ndicho kilichojipanga upya ili kumpokea."

"Na chumba kikijaa hivi, hakifi?"

"Hakifi. Baada ya siku chache huo mti mdogo unanyauka. Kiini kinarudi ukutani, unga unarudi, chumba kinaendelea kuishi. Kinaweza hata kupokea mwingine."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Kisha akauliza swali ambalo ingekuwa heri asingeliuliza. "Na huyu ni nani hasa, kwa ukoo?"

"Ni jamaa ya ukungu na uyoga."

Fundi alijitenga na darubini kama aliyeungua. "Ukungu? Karani, mwambie mimi sijaleta ukungu hapa."

"Ni jamaa yake tu," Bibi alisema.

"Mwambie mimi nimeleta udongo wa mama. Kama huyo kaingia, kaingia kwa hila."

Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Fundi alikaa kwenye ngazi ya baraza, akiwa na hasira kuliko siku aliyofukuzwa. Baadaye sana alisema, kwa sauti ya chini, "Mke wangu asijue."

Kabla ya kuondoka aliuliza jambo moja zaidi. "Mimi nimemfikisha kungwi mpaka uani. Nani aliyemfungulia mlango? Mwali kafungua, au kungwi kasukuma?"

Bibi alivaa tena miwani yake. "Hatujui," alisema. "Wengine wanasema anasukuma. Wengine wanasema mzizi unamkaribisha. Hakuna aliyethibitisha."

Aliandika taarifa yake kwa mkono pale pale, na ndani yake aliandika kwamba tuta la nane lilitengenezwa na Fundi, akamtaja jina lake lote na la baba yake, kwa desturi ya wenyeji, na kwamba kufaulu kwake kulitokana na desturi hiyo. Karatasi aliiacha ili Bwana Shamba aipeleke mbele pamoja na taarifa ya kituo. Bwana aliporudi kutoka Dutumi aliisoma akiwa amesimama. Akachukua wino mwekundu, akakata mstari ule, akaandika juu yake: tuta la nane lilitengenezwa na kituo. Akanipa nipige taipu nakala safi, na ile ya mkono niitupe motoni.

Niliipiga taipu. Ilikuwa nakala safi sana. Ile ya mkono niliikunja nikaiweka ndani ya kofia.

Haikupita miezi mingi ukatoka waraka kwa vituo vyote: udongo ukishakaangwa, uchanganywe na konzi ya udongo uliotoka chini ya midanzi mizee yenye afya. Nilisoma waraka ule mara tatu. Kitendo kilichoandikwa kwenye cheti cha Fundi kuwa uhalifu, sasa kiliandikwa kuwa agizo, na asiyekitenda ndiye angekuwa na kosa. Wafanyakazi walitumwa mahame kwa lori. Bwana Shamba alipandishwa cheo akahamishwa. Michungwa ya tuta la nane iligawiwa Mlandizi, na mingine ikapandwa kwenye nyumba za maofisa, na leo inazaa.

Nami nilikaa na karatasi ile miaka minne, kwa sababu nilikuwa na mke na mtoto na mashine ya taipu. Sina sababu nyingine, na hiyo siitoi kama udhuru.

Nilipoacha kazi nilimtafuta. Alikuwa amehamia Dutumi kwa binti yake. Nilimkuta nyuma ya jiko, penye makopo na vibuyu vilivyovunjika vilivyopangwa vizuri kama matuta, na katika kila kimoja kuna mdanzi mchanga. Koti lilikuwa lile lile. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama miguu yangu.

"Umetoka Kisarawe," alisema. "Umekawia njiani."

Nilifungua karatasi, nikamsomea. Nilipofika kwenye mstari uliokatwa alinyoosha mkono, akaushika wino mwekundu kwa kidole gumba.

"Hapa ndipo pana jina langu?"

"Hapo."

"Nani kakata?"

"Bwana Shamba."

"Na ile safi, isiyo na jina, nani kapiga taipu?"

"Mimi, Fundi."

"Na habari ya pakacha, nani kaipeleka ofisini?"

"Mimi pia."

Alikuwa amekishika kikonyo alichokuwa akikibebesha. Alikifunga mpaka mwisho, taratibu, ndipo akasema, "Mlango wa ofisi nilijua siku ile ile nani kaufungua. Wa mzizi ndio sikuujua."

Mkewe alitoka jikoni na sufuria. Nilinusa uyoga. Fundi aliona nimenusa, akageuza uso.

"Amesalimu amri mwaka jana," mkewe alisema. "Anasema ni jamaa ya wakwe zake."

"Sili," Fundi alisema. "Naonja."

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Nilidhani atasema jina lirudishwe kwenye waraka. Alikunja midomo. "Sifa wampe wamtakaye. Mimi nataka mstari ule wa cheti ufutwe. Nataka kuotesha miche mbele ya nyumba, watu wakipita waione. Hii ya nyuma ya jiko ni kama nimeiba."

Tulikwenda Kisarawe pamoja. Bwana Shamba wa sasa ni kijana mpole, alitukaribisha viti. Alipokea cheti, karatasi ya Bibi, na maelezo yangu niliyotia sahihi. Baada ya miezi ikaja barua. Ilisema mstari hauwezi kufutwa kabla wataalamu hawajathibitisha kwamba ni udongo ulioongezwa uliookoa tuta lile, wala si bahati, na kueleza kwa njia gani kitu kutoka udongo mchafu huingia katika mzizi safi na kuufaa. Nilirudi kwa Bwana Shamba nikamuuliza: na waraka je, unaoamuru vituo vyote vifanye hivyo hivyo? Alisema waraka ni ushauri, cheti ni kumbukumbu. Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayesoma bei.

Kwa hiyo usafi wa Fundi umefungwa kwenye swali alilouliza yeye mwenyewe pale barazani, nalo halina jibu. Nimeandika mara tatu tangu hapo. Jibu ni moja: shauri liko kwa wataalamu. Bibi wa Darubini alisharudi kwao, na anwani yake hawanipi.

Ijumaa nikiwa Mlandizi hukutana na Fundi nje ya msikiti. Huwa anatazama viatu vyangu kwanza.

"Karani. Shauri langu?"

"Halijafa, Fundi."

Anakubali kwa kichwa, maana neno hilo ni lake na anajua uzito wake. Cheti na karatasi ya mkono vyote vimo ndani ya faili la Bwana Shamba, nakala sina. Miche ya nyuma ya jiko imefika magotini. Masika yakianza itabidi ihamishiwe mashambani, na mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyempa ruhusa ya kuihamisha.